Yule Waliyemwita Khotsa

Siku nilipoitwa ofisini nikaambiwa kwamba jina langu limepita, kwamba nami ni mmoja wa watakaogawiwa mashamba ya Wazungu kule Likuyani, ningeweza kusema hapana. Mke wangu alikuwa amekwisha kusema hapana. Watoto, kama wangeulizwa, wangesema hapana. Mimi nilisema ndiyo kabla afisa hajamaliza maneno yake, na sababu yangu haikuwa mahindi wala udongo mzuri. Nilitaka kuweka mito na vilima kati ya watoto wangu na mtu mmoja aliyeishi ng'ambo ya ua wetu mjini Kakamega.

Mtu huyo ndiye ninayemwandika. Sitataja jina lake, maana hata sisi hatukulitumia. Mtaa mzima ulimwita Jirani, kana kwamba sisi wengine hatukuwa majirani wa mtu yeyote. Habari za kuzaliwa kwake na za ukoo wake wataeleza wanaozijua. Mimi nilimjua kama mtu anavyolijua jiwe lililo ndani ya kiatu chake.

Alikuwa msimamizi wa vibarua wa barabara. Alikuwa akipotea wiki nzima, kisha akirudi na vumbi jekundu limejaa kwenye nyusi, akipiga mluzi tangu kona ya soko ili watoto wajue amefika. Mke wake alikuwa amefariki kabla hatujahamia pale, na mtoto hawakujaliwa. Mlango wake haukufungwa. Asubuhi za Jumapili alinyolea ndevu barazani, kioo kikining'inia kwenye msumari, na watoto wa mtaa walikaa mstari mmoja chini ya kioo hicho wakingoja. Aliwapaka kila mmoja povu la sabuni kidevuni, wa kike na wa kiume, akageuza wembe upande wa mgongo na kuwanyoa kwa uangalifu ule ule aliojinyoa nao. Mwanangu Shisia alirudi nyumbani akinuka sabuni ya mtu mwingine. Nilimwambia aoge kabla ya kanisa. Akaniuliza kama nami ninaweza kumnyoa. Nikamwambia hana ndevu.

Hilo lilikuwa kosa langu la kila siku: nilikuwa na majibu ya kweli.

Yeye alikuwa mwongo, tena mwongo wa wazi. Barabara ya kwenda Malava ina mahali inapopinda bila sababu ya kuonekana. Jirani aliwaambia watoto kwamba walipokuwa wakiichonga walimkuta kobe amelala katikati, wakamwomba apishe, kobe akakataa, basi serikali ikaona heri ipinde barabara. Binti yangu Muhonja, kila tulipopita pale, alipunga mkono porini. Nilimkemea Jirani kwa hilo mbele ya uzio.

"Unawafundisha watoto wangu uongo."

"Karani, kweli ni ya mahakamani," akasema. "Mtoto umpe kitu cha kutembea nacho."

Lakini mtu huyu huyu, panapohusu ugonjwa, hakuweza kudanganya hata kwa huruma. Muhonja alipobanwa na kifua mvua ikinyesha, nilimuuliza, nikitaka tu anipe moyo, kama mtoto atapona. Akamtazama, akaniambia, "Sijui, Karani. Tukimbie." Akamweka kwenye baiskeli yake, akamfunika kwa koti lake, akaendesha hadi hospitali mimi nikikimbia nyuma kwenye matope. Mtoto alipona. Nilimshukuru Jirani kwa mikono miwili, na bado nakumbuka kilichopita moyoni wakati nikimshukuru: kwa nini iwe baiskeli yake?

Alikuwa na woga pia, na woga wake ulinipa furaha. Watu wa kwetu wanapenda kupiganisha mafahali. Ngoma ya isikuti ikilia kule Khayega hata mzee mwenye mkongojo hutoka nyumbani. Jirani hakwenda. Akimwona fahali anapitishwa barabarani huku watu wakiimba, aliingia ndani kutafuta kitu alichokipoteza, akakitafuta mpaka kelele ziishe. Niliwaambia watoto, nikicheka, kwamba rafiki yao anaogopa ng'ombe. Shisia alinikunjia uso. "Sisi tunajua," akasema. "Ndio maana tunakwendanga mbele tumwangalizie njia."

Sasa niseme jinsi alivyopata jina la Khotsa. Kwetu khotsa ni mjomba, kaka wa mama, na si mtu wa kusalimiwa tu na kupitwa. Akija, kuku huchinjwa. Binti akiposwa, kiti chake kipo na fungu lake lipo. Mke wangu alizaliwa nyumba ya wasichana watupu, hakuwa na kaka, na watoto wetu hawakuwa na khotsa wa kuwajia na miwa begani. Siku moja, baada ya ile safari ya hospitali, alimwita Jirani kwenye uzio mbele ya watoto akasema, "Kuanzia leo huyu ni khotsa wenu. Amenitolea mtoto kwenye maji." Jirani hakuleta mzaha siku hiyo. Aliinamisha kichwa kama mtu anayevikwa kitu. Mimi nilikuwa mlangoni. Nilicheka, nikasema vizuri, vizuri sana.

Uhuru ulikuwa bado mbichi. Sisi makarani tulikuwa tumepata ruhusa na pasi za safari ambazo zamani walizipata wengine, na mimi niliamua kuipeleka familia yangu Mombasa kwa siku chache. Nilikuwa nimesoma habari za mji ule katika kitabu cha historia shuleni, na nilitaka watoto wangu wauone nikiwa nimesimama kando yao, nikiwaeleza. Niliifikiria picha hiyo kwa miezi: mimi naonyesha kwa kidole, wao wanainua vichwa.

Mke wangu ndiye aliyesema, "Tumchukue Jirani. Yeye aliishi Mombasa wakati wa jeshi, anajua kila kichochoro." Kweli mtaa mzima ulikuwa umesikia habari zake za Mombasa. Nikasema sawa. Singeweza kusema hapana bila kueleza sababu, na sababu ilikuwa ya aibu.

Tulipanda treni Kisumu. Jioni, jua likiwa bado linaonekana, mke wangu alifungua kikapu. Alikuwa amepika ingokho, kuku jogoo mzima, na obusuma, ugali wetu, baridi, umefungwa kwenye jani la mgomba. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba firigisi, ambayo sisi huiita imondo, si nyama ya mtu yeyote tu. Ni ya mwenye nyumba. Nilinyoosha sahani yangu, nikiongea jambo fulani kuhusu reli. Muhonja alitia mkono kikapuni, akatoa imondo, akaiweka kwenye kiganja cha Jirani.

Jirani alinitazama. "Karani, chukua."

"Kula tu," nikasema. "Ni mtoto."

"Mama ndiye aliniambia," Muhonja akasema.

Mke wangu alikuwa akikata obusuma, wala hakuinua macho. Jirani aliigawa imondo kwa meno, akanipa nusu. Niliila. Sijawahi kula kitu kigumu kama kile. Usiku kucha, gurudumu kwa gurudumu, niliitafuna tena.

Mombasa tulifikia kwa binamu yangu aliyefanya kazi bandarini. Kesho yake tukaenda Fort Jesus. Nilikuwa nimevaa tai. Tulipopanda hadi penye mizinga nilisimama mahali nilipopafikiria miezi yote ile, nikaanza.

"Hapa Wareno waliweka mizinga yao kuzuia meli za adui. Wareno walitoka nchi iitwayo Ureno, ambayo iko—"

Muhonja akanivuta shati. "Baba, nyamaza kidogo. Khotsa anataka kusema."

Jirani hakuwa anataka kusema. Lazima niandike hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa amesimama mikono nyuma, ananisikiliza kama mwanafunzi. "Mwacheni baba yenu," akawaambia, "yeye amesoma."

"Moja tu," Shisia akasema, akiupiga mzinga kofi. "Hii ni nini?"

Jirani akanitazama kuomba ruhusa. Nikatazama bahari.

"Hii?" akasema. "Hili ni bomba la moshi la jikoni. Mpishi wa Wareno alikuwa anapikanga obusuma hapo chini. Siku moja akatia unga kupita kiasi, ukafura, ukatokea hapa, puu! ukaanguka majini. Mnafikiri samaki wa huku wamenona kwa nini?"

Watoto walicheka mpaka Shisia akajishika tumbo. Mlinzi wa pale naye alicheka. Mke wangu aliziba mdomo kwa leso. Ureno wangu ulibaki hewani, haukuwa na pa kutua.

Tulipotoka tukaingia Mji wa Kale. Jirani alitangulia, Muhonja akiwa mabegani mwake, akikata kulia, akikata kushoto kama mwenyeji. Tulipita mlango mmoja wa nakshi, mkubwa, wenye misumari ya shaba. Baada ya kitambo tukaupita tena. Tulipoupita mara ya tatu, muuza kahawa aliyekuwa amekaa kwenye baraza na birika lake alituita.

"Wageni wetu, mwenda wapi?"

"Tunatembea tu, mzee," Jirani akasema.

"Haya. Basi mushafika."

Hapo ndipo nilipoelewa. Moyo wangu ulijaa furaha, na sioni haya kuiita kwa jina lake. Nilimsimamisha Jirani katikati ya kichochoro. "Wewe," nikamuuliza kwa sauti ya ofisini, "umewahi kufika Mombasa?"

Akafuta jasho. "Leo nimefika."

"Kabla ya leo?"

"Kabla ya leo, Karani, nilikuwa njiani."

Nikawageukia watoto. Nilikuwa nimeingoja saa hiyo kwa miaka. "Mmesikia? Khotsa wenu ni mwongo. Hajawahi kukanyaga hapa. Yote aliyowaambia ni uongo."

Shisia alinitazama kwa namna ambayo mtoto hapaswi kumtazama baba yake. Haikuwa dharau. Ilikuwa huruma. "Baba," akasema, "hiyo tunajuanga."

"Alituambia kwenye treni usiku wa pili, ukiwa umelala," Muhonja akasema kutoka juu kule. "Akasema tusikwambie, utaogopa tutapotea."

Mke wangu aliketi kwenye baraza kando ya muuza kahawa akacheka mpaka machozi yakamtoka. Muuza kahawa akampa kikombe. Jirani naye akaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, halafu wote wakacheka. Nilisimama na tai yangu. Sikuwahi kumchekesha mke wangu namna ile, na nilikuwa nimemwoa kanisani.

Tuliporudi Kakamega, watoto wakawa matajiri wa habari. Akina mama wa mtaa waliwaketisha uani wakawauliza hiki na kile, nami nilisikia kutoka dirishani. Khotsa alipotea. Khotsa alionja maji ya bahari akasema yanahitaji mboga. Khotsa alimsalimia samaki sokoni kwa jina. Mwishowe mama mmoja akauliza, "Na baba yenu? Yeye alifanya nini kule Mombasa?"

Shisia alifikiri. Alifikiri kweli, kwa haki, kama mtu anayepekua sanduku.

"Alikuwepo," akasema.

Barua za mashamba zilitoka msimu uliofuata. Nilipomwambia mke wangu kwamba nimekubali, aliweka chini ungo.

"Baba Shisia, unakimbia nani?"

"Sikimbii mtu. Ni shamba."

"Sema basi. Unafikiri mimi na yule mtu tuna jambo?"

Nikainama kuuokota ule ungo.

"Mimi nilimwita kaka mbele ya watoto wangu," akasema, bila kupandisha sauti. "Mwanamume niliyemfanya ndugu, nitamgeuza tena kuwa nani? Na imondo ile uliyonunia njia nzima mpaka Mombasa, khotsa akila na wewe, si hupewa yeye? Mama yako hakukufundisha?"

Mama yangu alinifundisha. Nilijua kabla hajafunga mdomo kwamba alikuwa amesema kweli, kwamba mwanamke wa kwetu akitaka kujenga ukuta kati yake na mwanamume humwita kaka, na mke wangu alikuwa ameujenga ukuta huo mchana kweupe nikiwa mlangoni nacheka. Wivu wangu ungekuwa wa mke, ungekwisha jioni ile. Haukuwa wa mke. Ulikuwa wa watoto, na kwa huo hakuna mtu aliyekuwa na la kunieleza. Sikubadili jibu langu.

Jirani alikuja kutusaidia kupakia lori. Alifunga vitanda kwa kamba, fundo juu ya fundo. Nilimngoja abaki peke yake.

"Likuyani ni mbali," nikamwambia. "Usijisumbue kuja."

Mikono yake ilisimama. "Watoto wamekosa nini, Karani?"

"Hawajakosa."

"Basi mimi?"

Alimaliza fundo, akalijaribu kwa uzito wake. "Watoto wasifungue kamba hii," akasema. "Itawakata mikono." Kisha akaenda kwake, na kwa mara ya kwanza nikausikia mlango ule ukifungwa.

Alikuja hata hivyo, mara moja, kwa baiskeli, njia yote ile. Watoto walikuwa shule, mke wangu alikuwa mtoni. Nilimkuta langoni, nikamrudisha kabla hajashuka vizuri. Hakubishana nami. Lakini mvua ilikuwa imenyesha, na tairi lake la nyuma lilikuwa na kiraka kilichoacha alama. Shisia aliporudi aliiona pale kwenye udongo wa lango. Aliweka mfuko wake wa vitabu chini, akaifuata alama hiyo hadi barabara kuu, akasimama. Kisha akarudi. Hakuniuliza kitu. Nilikaa nikingoja aniulize, siku ile na nyingine, mpaka nikatambua kwamba hataniuliza tena jambo lolote.

Mahindi yalistawi. Sikosi kusema hivyo, ardhi ile haikunionea. Jioni tulikula pamoja sisi wanne, bila mtu wa kutuvuruga, na hapakuwa na la kusema. Nilijaribu. Niliwaambia watoto kwamba tembo wa msitu wa Kakamega walikuwa wakivua viatu kabla ya kuvuka mto. Muhonja akasema, "Ndiyo, Baba," kwa adabu, akaomba chumvi.

Shisia alipomaliza masomo alitafuta kazi mbali kuliko zote alizoweza kupata, akaipata bandarini Mombasa, akakaa huko. Muhonja alipoposwa na kijana wa Malava, usiku wa kuamkia mazungumzo ya posa alikuja akapiga magoti mbele yangu, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu utoto. "Baba, nikuombe kitu kimoja. Kiti cha khotsa kesho, akikalie mwenyewe." Nikasema mambo ya mila hayachezewi. Nikamkalisha pale mtu wa mbali wa ukoo wa mama yake, mzee ambaye alilazimika kuuliza binti ni yupi. Muhonja alikaa wima siku nzima. Hakulia, na watu walimsifu kwa hilo.

Mke wangu alipofariki, Jirani alikuja mazishini. Alisimama nyuma, kati ya vijana waliochimba kaburi, kofia mkononi. Mhubiri akiwa katikati ya maneno niliona Shisia akiondoka kando yangu, halafu Muhonja. Walikwenda wakasimama naye, mmoja huku, mmoja huku. Mbele pale nilibaki mimi na mhubiri.

Mara ya mwisho nilipomwona si zamani. Miguu yangu ilikuwa bado inakubali safari, nami nikaamua kwenda Malava kumwona binti yangu bila kuitwa. Nyumbani kwake nilimkuta jirani wa kike tu. Akaniambia mama ameenda sokoni na watoto wapo kwa guga wao, babu yao, akaninyooshea njia. Nilidhani ananielekeza kwa baba mkwe. Nilifuata ua wa michongoma nikakuta nyumba ndogo, mlango wazi, na mzee amekaa kwenye kigoda anapukuchua mahindi, macho yake yamekuwa meupe. Watoto wawili walikuwa wamemwegemea, mmoja kila upande, kama vile yeye ni ukuta na wao ni ngazi.

"Hodi," nikasema.

Alisimamisha vidole. "Karani," akasema. Aliijua sauti, nami nikamjua: ni Jirani, Muhonja alikuwa amemweka hapo kando yake. "Karibu. Leteni kiti, huyu ni guga wenu hasa, baba wa mama yenu."

Watoto walinitazama, kisha wakamtazama yeye wajue kama ni kweli. Mdogo akaniletea kiti, akarudi mbio mahali pake.

"Huyu," Jirani akawaambia, "ndiye aliyetupeleka Mombasa. Sisi tulipotea. Tulilia. Yeye akapanda juu ya ule mnara, akaita mara moja kwa sauti yake, mji mzima ukanyamaza, tukamsikia tukamfuata. Bila yeye mama yenu angekuwa bado anauza samaki huko."

Mkubwa wao, msichana, alinigeukia. Alikuwa na paji la uso la mke wangu. "Ni kweli, guga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimepewa zawadi na mtu niliyemfukuza langoni, na kilichotakiwa kwangu kilikuwa neno moja. Lakini nilimwangalia yule mzee kipofu na wajukuu wangu wawili begani mwake, na ule wivu wa zamani ukanirudia, mbichi kama siku ile kwenye treni. Yule mtoto alingoja kidogo, akaona hakuna kitu kinachokuja, akageuka. "Khotsa wa Mama, sema tena ile ya mnara."

Muhonja alifika na kikapu chake kichwani. Alimpokea mzee gunzi mkononi, akampangusa makapi kwenye shati, ndipo akaniona. Akanisalimia kwa mikono miwili, akiwa amesimama. "Habari za Likuyani?" akauliza, kama mtu anavyomsalimia afisa aliyekuja kukagua. Nikasema ni nzuri. Akaniuliza kama nitakula. Nikasema nisije nikachelewa gari, akasema kweli, magari huisha mapema, akawaita watoto wanisindikize. Walinisindikiza hadi mwisho wa michongoma, wakarudi wakikimbia.

Nilikubali shamba la Likuyani ili watoto wangu wawe wangu peke yangu. Shamba ninalo hadi leo. Shisia haji. Muhonja hunisalimu kama mgeni wa serikali. Mke wangu alikufa akiniita Baba Shisia, bila kuniambia lolote lingine kwa miaka mingi. Na wajukuu wangu wanamjua babu mmoja tu, ambaye si mimi. Hivyo ndivyo shamba lile lilivyonigharimu: nilipoteza watoto wangu.